Jalada la Okinyi

Rafiki yangu Machage anachora mabango pale Bomani, na haya alinisimulia mwenyewe. Kila akimaliza kazi, wazee humwambia, "Umejitahidi, ila Okinyi ndiye aliyekuwa anachora." Okinyi ni marehemu. Zamani alichora majalada ya magazeti ya hadithi za upelelezi, na Machage anamwonea wivu mpaka leo.

Siku moja alipata gazeti moja kuukuu kule Sirari. Kwenye jalada, mwanaume mwenye kofia amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mkono ameuinua kugonga. Machage akakwangua sahihi ya Okinyi kwa wembe, akaandika jina lake mwenyewe, akalitundika jalada ukutani wateja walione.

Mchana huohuo umeme ukakatika. Chumba chake kiko ndani kabisa ya jengo, hakina dirisha. Katika giza akasikia mbao ikigongwa mara tatu, taratibu.

"Hodi."

Kwa mazoea akajibu, "Karibu, pita tu."

Bawaba zikalia. Ndipo akakumbuka kwamba mlangoni kwake kuna pazia tu.

Umeme uliporudi, akatazama ukutani. Mlango wa kwenye jalada ulikuwa wazi, na mbele yake hapakuwa na mtu.