Majibu Thelathini ya Mafundi

"Mwanangu, chukua simu yako. Hiki kitu hakinifai."

Shangazi alisema hivyo bila kuacha kukanyaga cherehani. Binti aliyesimama mbele yake, ambaye darasani walimwita Injinia, alidhani anataniwa.

"Shangazi, umeijaribu programu vizuri kweli? Inatunza vipimo vya wateja wako wote. Kiuno, mabega, mikono..."

"Vipimo nina daftari, mwaka wa kumi na tano huu. Wanaonitoa roho ni wateja hawa." Akanyoosha mkasi kuelekea rundo la nguo juu ya kabati. "Wameshonewa, hawaji kuchukua. Nilimweleza yule kijana wako alipokuja na maswali yake. Alikaa kwenye stuli hiyo, akaandika kila kitu. Hakukwambia?"

Kijana hakuwa amemwambia.

Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya teknolojia na biashara, na mradi wao waliugawana. Injinia aliandika programu. Mpenzi wake, aliyemwita Meneja, alikwenda kwa mafundi thelathini kuuliza wanahitaji nini. Ripoti yake ilisema ishirini na nane wanaitamani programu ya vipimo, na shangazi alikuwa mmoja wao. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na walipaswa kuwasilisha Ijumaa.

Akapiga simu palepale.

"Uko wapi?"

"Maktaba, mpenzi. Napamba slaidi zetu."

"Ziache. Nakuja."

Alimkuta kwenye ngazi za nje. Hakumsalimia.

"Mafundi wangapi walisema wanaitaka?"

Meneja akafunga kompyuta yake taratibu.

"Wawili. Na mmoja nadhani alitaka tu niondoke."

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi.

"Kwa hiyo ulikaa ukatunga majibu?"

"Niliwauliza wote thelathini, naapa. Nilirudi na daftari nikwambie. Nikakukuta umemaliza ukurasa wa kwanza, unaruka ruka kama mtoto. Sikuweza kukuvunja moyo. Nikasema nitakwambia kesho."

"Kesho hiyo ina miezi mitatu."

"Nakupenda, Injinia."

"Ulikuwa unaniogopa. Ungenipenda ungeniambia ukweli nikalia siku moja, nikaendelea na maisha."

Akashuka ngazi, machozi yakimtoka hadharani bila aibu.

Tumlaumu kijana huyu, lakini kwa haki. Hakuwa mvivu wala tapeli. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao neno "hapana" huwakwama kooni, na bahati mbaya ndiye aliyetumwa kwenda kuokota hapana za watu.

Kesho yake asubuhi simu ya Injinia ikaita mfululizo. Picha thelathini za kurasa za daftari, kisha ujumbe:

"Haya ndiyo majibu yenyewe. Nimetoka kwa mhadhiri, nimemwambia niliyabadilisha mimi, wewe hukujua. Katupa wiki tatu. Alama zangu zinakatwa nusu, zako haziguswi."

Injinia akasoma kurasa zote, na alipofika ya mwisho akawa amehesabu mafundi ishirini na mmoja wanaolia kilio cha shangazi. Kazi waliyopaswa kuifanya ilikuwa humo tangu mwanzo.

Akaandika: "Tunaanza upya. Tutaongea kazi tu."

Wiki tatu wakaongea kazi tu. Injinia aliumia kwa jinsi alivyozoea kucheka naye, akajikaza. Programu mpya ikawa ya kumkumbusha mteja kwamba nguo yake iko tayari. Siku mbili kabla ya kuwasilisha wakaipeleka kwa shangazi. Injinia akamshika Meneja mlangoni, akampa simu.

"Nimemaliza. Ni nzuri?"

Kijana akaitazama. Injinia aliyaona macho yale, macho ya mtu anayetafuta neno tamu, akajiandaa kusikia uongo mwingine.

"Hapana," akasema Meneja.

"Nini?"

"Maandishi ni madogo, shangazi havai miwani akishona. Halafu ujumbe wako unamfokea mteja. 'Nguo yako imekaa siku kumi.' Ningeupata mimi nisingekuja kabisa." Jasho lilikuwa linamtoka. "Samahani. Najua hukulala kwa ajili yake."

Injinia akakaa kwenye stuli. Aliumia, ndiyo, usingizi wake wote ule. Ila chini ya maumivu kulikuwa na imani kwake aliyoikosa wiki tatu, akaitambua.

"Rudia."

"Maandishi ni..."

"Lile neno la kwanza."

"Hapana."

Akasogea pembeni, akaigonga nusu ya stuli iliyobaki.

"Kaa hapa tuirekebishe, mpenzi."

Shangazi akainua uso kutoka kwenye cherehani.

"Kaeni, ila mnanizibia mwanga. Na mimi nasema ukweli."