Nilisubiri Barua za Idrisa, Nikamkosa Mama

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tatu na naishi peke yangu katika chumba kimoja Mwananyamala. Sina mume, sina mtoto. Haya ninayoyaeleza sijawahi kumsimulia mtu yeyote, hata kaka yangu wa tumbo moja. Aibu ilinifunga mdomo...

Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mume wangu aliniacha kwa sababu sikuzaa, nikajipa moyo kwamba angalau kazi ninayo. Haukupita mwaka, kiwanda kikauzwa, majina yetu yakabandikwa ukutani. Tumepunguzwa! Miaka kumi na nne, basi tena.

Nikaanza kushona mashuka na foronya nyumbani. Kula nilipata, lakini mtu wa kuongea naye sikuwa naye. Kuna siku zilipita kutwa nzima sijafungua mdomo. Nilikuwaga napika wali wa watu wawili kwa mazoea, halafu nusu inachacha. Nyie mnaogombana na waume zenu kila siku, mnajua ukimya wa chumba ulivyo?

Aliyekuwa akinitembelea ni mmoja tu, Zuhura, shoga yangu wa kiwandani. Tulipunguzwa siku moja. Huyo nilimwambia mambo yangu yote: nilivyolia siku ya talaka, ninavyoogopa radi, ninavyopenda kuitwa Somoe, jina alilonipa bibi yangu kule Lindi. Ndiye aliyenipeleka kwenye klabu.

Biashara mpya zilikuwa zinachipuka kila kona siku zile. Hiyo klabu ilikuwa na ofisi Ubungo, juu ya duka la vipuri. Kazi yao kuwakutanisha watu wapweke kwa barua. Unaacha picha, unajaza fomu, unalipa kiingilio. Meneja, mwanamume mpole aliyevaa tai, aliniambia, "Dada yangu, ukishalipa hiki umemaliza. Weka sahihi hapa."

Nikaweka! Nyuma ya fomu kulikuwa na maandishi madogo sana. Wala sikuigeuza ile karatasi...

Wiki mbili baadaye nikapata barua. Idrisa, aliyefiwa na mke, fundi mitambo wa Tanga. Ilikuwa imepigwa taipu. Aliniuliza nimekula nini siku hiyo. Wasomaji wenzangu, nilikaa kitandani nikalia! Ni nani aliyewahi kuniuliza nimekula nini?

Tukaandikiana. Barua zote zilipitia ofisini, ndiyo sheria yao. Yule mtu alinijua kupita kiasi. Mvua ikinyesha Dar, barua itakuja inanipa pole ya radi. Siku moja akaniita Somoe. Nikadhani nilimwandikia jina hilo nikasahau. Mapenzi yalishanipofusha.

Huku nyuma malipo mengine yakaanza. Ada ya mwezi. Ada ya kutunza picha. Ada ya kupokelewa barua. Nikiuliza, meneja ananigeuzia fomu na kunionyesha yale maandishi madogo. Nilishona mpaka macho yakauma, na bado ikifika mwisho wa mwezi nimebaki mtupu.

Nikaenda kujitoa. Nikaambiwa fomu za kujitoa zimekwisha. Nikarudi, nikaambiwa lazima nitoe taarifa ya miezi mitatu, na miezi hiyo nilipie. Nikarudi mara ya tatu, meneja akasema kwa upole uleule, "Sawa dada, jitoe. Lakini nakala za barua zako tutamkabidhi ndugu uliyemwandika kwenye fomu."

Ndugu niliyemwandika ni Kaka Hamisi, anayekaa Tegeta! Kaka asome niliyomwandikia mwanamume nisiyewahi kumwona? Nikaendelea kulipa. Na kila nilipofikiria kuacha, barua ya Idrisa ilinikuta: usinichoke, naja.

Ikaja ile iliyonimaliza. Idrisa angefika wiki ya Idd, ajitambulishe kwa kaka. Nilipaka chumba chokaa, nikashona pazia jipya, Zuhura akanisaidia kupima...

Siku tano kabla ya Idd, Kaka Hamisi akaja mbio.

"Somoe, mama hali yake mbaya huko Lindi. Anakutaja. Kesho tunaondoka."

Nikamwambia, "Kaka, tangulia. Nipe wiki moja, nina mgeni."

"Mgeni gani zaidi ya mama?"

Nikainamia cherehani yangu. Kaka akageuka akaenda zake.

Idd ikafika. Nilioga, nikavaa, nikakaa na sahani zimefunikwa mezani. Majirani walipita wakisalimia, mie nachungulia dirishani. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikachukua basi la Lindi. Njia ilikuwa tope tupu, tulikwama siku mbili. Nilipofika, mama alishazikwa. Shangazi aliniambia kwamba mpaka anakata roho alikuwa akiuliza, "Somoe amefika?"

Jamani... hilo nalijibu vipi?

Miezi michache baadaye redio ikatangaza kwamba serikali inazibana klabu za namna hiyo. Ada za kuficha marufuku, na anayetaka kutoka aachiwe atoke bila malipo. Ofisi ya Ubungo ikafungwa, tukaitwa kuchukua vitu vyetu. Ofisa mmoja kijana akanikabidhi jalada langu. "Pole mama," alisema, bila kunitazama usoni.

Ndani mlikuwa na barua zangu zote. Hakuna hata moja iliyokwenda Tanga! Na chini yake karatasi zilizoandikwa kwa mkono, maneno ya Idrisa kabla hayajapigwa taipu. Mwandiko niliutambua papo hapo. Niliuona miaka kumi na nne kwenye daftari la zamu.

Ulikuwa mwandiko wa Zuhura!

Nilimkuta uani kwake anafua. Nikamtupia zile karatasi miguuni. Hakukana.

"Na mie nilitaka kujitoa, Somoe," alisema huku analia. "Nilikuwa nadaiwa. Wakaniambia nilete mtu na nimwandikie, ndiyo wanisamehe ada. Ile ya Idd meneja ndiye aliyenilazimisha."

"Uliniona natandika meza, Zuhura. Ulinisaidia kupima pazia!"

"Nilijua ukiambiwa utabaki huna mtu kabisa..."

Niliondoka. Kinachoniumiza mpaka leo ni kwamba maneno yale matamu aliyaandika mtu aliyenijua kweli. Namlilia Idrisa ambaye hakuwepo, na shoga niliyekuwa naye sinaye. Kaka tunasalimiana kwenye misiba tu.

Wenzangu, nawaomba! Kabla ya kutia sahihi popote, geuza karatasi, soma nyuma, na uliza mbele ya shahidi: nikitaka kutoka, natokaje? Wakizungukazunguka kujibu, ondoka. Ukishanaswa usifiche kwa aibu kama mie, mwambie ndugu yako mapema, akucheke lakini akutoe. Na ukiambiwa mama anakuita, nenda siku hiyohiyo. Mgeni wa kweli atakungoja.