Msalaba Chini ya Uma

Saa nne na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha Simone, mshona nguo wa mtaa wa Kamalondo, kilikuwa na mlango mmoja, na Symphorien alikuwa ameuegemea. Hakuna ambaye angetoka kabla yeye hajamaliza kusema.

Mbele yake walikaa watatu. Clovis, planton wa ofisi ya wazungu, mtu wa kubeba barua na kufungua madirisha. Musonda, mwizi wa baiskeli, na kikapu cha nguo za kufua magotini. Na Mwansa, fundi wa kufuli, ambaye hakumpenda hata mmoja wao.

"Saa sita bazungu banaenda kula," Symphorien alisema. "Banalala mpaka saa nane. Clovis anaacha dirisha wazi. Mwansa anafungua kabati. Iko jalada moya ya kamba ya bleu. Musonda anaileta huku chini ya manguo. Basi."

Musonda aliuliza kwa nini wasingoje giza.

"Usiku muntu mweusi mu ville ya bazungu banamufunga. Muchana na kikapu ya manguo, nani atamuangalia? Iko boyi tu."

Kwa miaka kumi Symphorien alikuwa kinywa cha watu. Alianza kama karani wa misheni, akajifunza mzungu yupi anapenda samaki wa Kasenga na yupi anapenda kusifiwa. Ukitaka ruhusa ya kufungua baa, au kiwanja, au ile kadi ya mtu aliyestaarabika, ulipita kwake. Mtaa mzima ulimwita Bwana Kinywa. Kabla kamati ya wazungu haijaja kukagua nyumba, kuona kama mke anaketi mezani na watoto wanakula kwa uma, aliwaazima watu kitambaa cha meza na uma kumi na mbili. Uma zilezile, nyumba hadi nyumba. Mwansa ndiye aliyechora msalaba mdogo chini ya kila mpini, ili zirudi zote. Walijua wao wawili tu.

Kamati ilipofika kwa Kalenga, kaka yake Mwansa, ilianza kwa kugeuza uma. Mzungu mmoja akacheka, akamwita mwongo mbele ya watoto wake. Kalenga akampiga kofi. Sasa alikuwa na miaka mitatu uhamishoni Mitwaba.

Na leo saa tisa inspekta mpya alikuwa anashuka kwenye treni, mtu wa kusoma kila karatasi. Symphorien alizitaka barua alizowaandikia wazungu, zilizojaa hesabu za hongo, kabla macho mengine hayajazifikia.

"Unaniletea jalada, kesho ninasemea yaya yako Kalenga," alimwambia Mwansa. "Nilishamuandikia kwa bazungu mara tatu. Lakini usifungue. Ata kusoma haujue."

Saa sita na robo.

King'ora kilikwisha kulia. Barabara ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua. Mwansa aliingia dirishani. Kufuli la kabati lilikuwa la kizamani. Lilimchukua muda wa kumeza mate mara mbili. Jalada lilikuwa rafu ya chini.

Alitaka kuona zile barua tatu tu. Aziguse, basi.

Alifungua kamba. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini jina la kaka yake alilijua. Alilitafuta ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea chini ya mistari. Alilipata mara moja tu. Barua moja, ya siku mbili kabla ya kamati kufika. Kifaransa kilimshinda, isipokuwa maneno mawili. *Fourchettes*, uma, maana alizichora yeye. *Croix*, msalaba, maana katekisimu haimtoki mtu. Chini yake ilikaa sahihi ya Symphorien, na mkia wake wa madaha.

Mwansa alisoma yale maneno mawili tena.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Clovis alichungulia mlangoni, akamwambia afanye mbio. Alimkuta Mwansa anafunga magazeti ya zamani kwa ile kamba ya buluu. Jalada lilikuwa juu ya meza ya inspekta, limefunguliwa, ile barua ikiwa juu.

Clovis aliangalia meza, akamwangalia Mwansa. Kisha akarudisha mlango taratibu.

Musonda alichukua furushi, akapanda baiskeli akaenda.

Saa nane.

Symphorien alilitupa furushi katika jiko la makaa ya pasi ya Simone. Hakulifungua. Alinyoosha tai yake akilitazama likiwaka.

"Yaya ulimuandikia mara ngapi?" Mwansa aliuliza.

"Nilikuambia. Tatu."

"Tatu," alisema Mwansa.

Saa tisa Symphorien alikuwa stesheni, anamkaribisha inspekta kwa hotuba nzuri. Saa kumi na moja, inspekta akiwa amekwisha kusoma, polisi walimchukua, bado amevaa tai. Saa kumi na mbili walikuja kwa Mwansa. Clovis alikuwa mbele yao, akinyoosha kidole.

Ndani ya seli Mwansa aliuliza swali moja tu. Juu ya nini alimchongea Kalenga?

"Yaya yako alizunguka akisema bantu basipite kwangu," Symphorien alisema. "Eti kila muntu iko na kinywa yake. Sasa weye umenimaliza. Nani atamusemea?"

Wiki tatu baadaye waliwapakia katika lori moja, mkono wa kushoto wa huyu umefungwa na wa kulia wa yule. Njiani askari akawawekea bukari, ugali wa kwao, na dagaa katika beseni moja. Symphorien, pingu katika mkono wa kulia, alitazama chakula muda mrefu, akitafuta kitu kando ya beseni.

"Fourchette haiko," Mwansa alisema.

Njaa ilishinda. Bwana Kinywa alimega kwa kushoto, akafinyanga tonge, akabonyeza kishimo kwa dole gumba, haraka, kama mtu ambaye hakuacha hata siku moja.

"Kula muzuri," Mwansa alisema. "Lori hii inaenda Mitwaba. Yaya njo iko kule, na kinywa yake."

Tonge likasimama katikati ya njia, halijafika kinywani.