Buti za Mzee Fito

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwalimu Mdogo alipangusa buti za mpira za marehemu baba yake, kisha akazirudisha palepale nyuma ya mlango. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu baba afariki. Buti hazikuwa zimekanyaga tope tena, lakini mtoto hakuacha kuzipangusa.

Jina hilo la Mwalimu Mdogo alipewa na baba. Baba mwenyewe aliitwa Mzee Fito na mtaa mzima, kwa sababu ya ufito mrefu aliobeba begani kwenda kuzibua mabomba ya vyoo. Hakusoma utotoni. Alipofika miaka arobaini na miwili alijiandikisha darasa la jioni, na kila aliporudi alimwita binti yake mezani: "Haya, Mwalimu Mdogo, nisahihishie."

Ijumaa moja baba mkubwa alifika na karatasi iliyopigwa chapa. Kesho yake ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu, na binti ndiye aliyechaguliwa kusoma wasifu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hebu soma nikusikie."

"'Marehemu alikuwa mhandisi wa maji, aliyehitimu masomo yake angali kijana...'" Akaishusha karatasi. "Baba mkubwa, huyu ni marehemu wa nyumba gani? Maana si baba yangu."

Mama, aliyekuwa akipiga pasi, aliinama kuficha tabasamu.

"Acha utani! Wanakuja wakubwa wangu wa kazini. Niwaambie ndugu yangu alikuwa akichokonoa vyoo?"

"Waambie. Kwani wao hawana vyoo?"

"Mdomo huo! Na wewe je? Alipokuja kuzibua vyoo vya shule yenu, ulimwambia nani kwamba ni baba yako? Alinisimulia mwenyewe."

Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Siku ile rafiki zake walibana pua wakamuuliza, "Unamjua yule?" Naye akajibu, "Simjui." Baba alisikia. Akampita kama mpita njia, ufito begani, ili asimwaibishe. Jioni alileta daftari lake kama kawaida, wala hakuligusia jambo hilo.

Mwalimu Mdogo aliikunja karatasi, akaenda kukaa karibu na buti. "Mungu wangu," aliomba, "nilimkana mara moja. Usiniache nimkane tena."

Jumamosi watu walijaa katika chumba kilekile cha darasa la jioni, pale shuleni kwa binti. Wakubwa wa baba mkubwa walikaa mbele. Ghafla ikasikika pwata, pwata, pwata. Mwalimu Mdogo aliingia amevaa gauni safi, na miguuni buti za baba yake, zikimfika magotini. Mtoto mmoja akacheka. Baba mkubwa akamwashiria avue. Hakuvua.

"Nimepewa karatasi," alisema. "Imeandikwa vizuri, lakini inamhusu mtu mwingine. Sitaisoma."

"Keti chini!" baba mkubwa alinong'ona kwa ukali.

"Nisamehe, baba mkubwa. Siketi." Sauti ilimtetemeka, lakini haikukatika. "Baba yangu alizibua vyoo. Alizibua hata vya shule hii. Nilipoulizwa kama namjua, nilisema simjui. Nilidanganya. Namjua! Hakuondoka mahali mpaka ndoo tatu za maji zimwagwe na maji yateremke yote. Hakumpa mtu mkono mpaka anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na watoto wa nyumba aliyofanyia kazi aliwanawisha pia. Kila mfuniko wa shimo alioufungua aliutia alama kwa chini, kwa rangi nyeupe. Kabla ya kujua kuandika, alichora duara. Alipojua, aliandika tarehe na neno moja: SAFI. Asiyeamini akaufunue ule wa hapo uani."

Mhudumu wa usafi wa shule alikuwa ameshasimama. Akatoka uani, akauinua mfuniko kwa nondo, watu wakamfuata na kumzunguka. Upande wake wa chini ulikuwa na maduara matatu yaliyofifia, na pembeni tarehe na lile neno, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Mama mmoja, mkubwa wa baba mkubwa kazini, akainama kutazama. "Alama hii iko hata kwangu! Huyu fundi ndiye aliyetuokoa nyumbani mwaka ule wa mvua, vyoo vilipofurika. Kumbe ni ndugu yako! Mbona hukutuambia?"

Baba mkubwa aliangalia viatu vyake. Kisha akamshika binti bega. "Endelea, mwanangu. Sema yote."

Akasema yote.

Walipofika nyumbani, mama alimkalisha. "Ukimsifu mtu kwa uongo, unayemsifu si yeye tena. Kazi iliyotulisha sisi na kuwalinda wengine na magonjwa haina aibu. Aibu ni kuificha. Leo umesema kweli, hata pale ilipokuuma wewe mwenyewe, na baba yako angefurahi." Akazitazama buti zilizojaa tope la uani. "Sasa zioshe, kisha unawe. Hadi kwenye viwiko!"