Zamu ya Kusema

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, ndugu zangu. Usipa, wale dagaa wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa hadi mchanga hauonekani, na akina mama walijipanga mbele ya duka la ushirika wakitaniana. Duka hilo liko kijiji kimoja upande wa Mbaha, na si la tajiri yeyote. Ni la walaji wenyewe: kila mwanachama ametoa hisa yake, wananunua kwa pamoja unga, chumvi na sabuni, wanauziana bila kuumizana. Mwenyekiti alikuwa Avelina, mama wa Kianglikana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Alikuwa anapima unga, na mbele yake alisimama wifi yake Ottilia, mke wa mdogo wake Bartholomayo. Waliishi ua mmoja na kupika jiko moja.

Ottilia alikuwa na pua. Mwambao mzima ulijua: usipa waliolala aliwatambua akiwa bado mlangoni. Akainama juu ya gunia, akavuta hewa mara mbili, kama kawaida yake.

"Wifi, funga hilo gunia."

"Lina nini tena?"

"Linanuka dawa ya kahawa."

Wanawake wakacheka. Ottilia hakucheka. Gunia lilipopinduliwa, chini lilikuwa na doa la njano. Lori la Mansuetus, mfanyabiashara wa Kitai, lilikuwa limepakia unga pamoja na madumu ya dawa ya wadudu wa kahawa, ya kuteremsha vijijini njiani, na dumu moja lilikuwa limevuja. Mzigo wote wa siku ile ukafukiwa.

Wanachama wakakaa, wakaazimia kwamba duka lao halitapokea tena chakula kilichopakiwa na sumu. Tena wakaiomba halmashauri itunge sheria ndogo ya kukataza mchanganyiko huo kwa magari yote. Halmashauri ikasikia. Ikatangaza siku ya kukusanya maoni ya wadau kwenye ofisi ya kata: wasafirishaji waje, na walaji waje.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya ushirika ule, maana bila hiyo hamtaelewa ujinga uliofuata. Wanachama ni Waanglikana na Wakatoliki, na ili kusiwe na manung'uniko, kwenda kusema mbele ya serikali ni kwa zamu: safari hii Mwanglikana, safari ijayo Mkatoliki. Kikao kilichotangulia, cha mambo ya maji, zamu ilikuwa ya Avelina, lakini aliugua, akaenda Joakim, katibu, ambaye ni Mkatoliki. Avelina akahesabu kwamba Joakim alimshikia tu nafasi, kwa hiyo sasa ni zamu ya Joakim mwenyewe. Joakim naye akahesabu kwamba yeye ameshakwenda, sasa ni zamu ya Avelina. Nyumba zao zinatazamana, na hakuna aliyevuka njia kwenda kuuliza.

Siku ya kikao Ottilia alimkuta wifi yake anapepeta maharage.

"Wifi, hujavaa?"

"Niende wapi?"

"Si kikao cha unga?"

"Zamu si yangu. Kama wananihitaji, Joakim anajua mlango wangu."

"Basi niende mimi. Unga ule niliunusa mwenyewe."

"Wewe si kiongozi, Ottilia. Watakuuliza umetumwa na nani, utasema nini?"

Ottilia akaenda kugeuza usipa wake juani.

Kule kwenye kata, diwani Tobias aliita upande wa walaji mara ya kwanza, akaita tena, akangoja, akaita mara ya mwisho. Kimya. Mansuetus na wenzake wakasimama, wakasema kwa adabu kabisa kwamba kutenganisha mizigo kutaongeza gharama, na unga utapanda bei. Msidhani walikuwa mashetani. Walichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu alihitajika mtu wa kujibu. Hakuwepo, na kipengele cha kutenganisha mizigo kikafutwa kwenye rasimu ya sheria.

Habari ilipofika kijijini, watu walilaumiana kidogo, kisha wakajifariji. "Sisi duka letu ni salama," wakasema. Na kweli lilikuwa salama.

Mvua zilipoanza, ukatokea msiba kijiji cha jirani, njia ya kwenda Lituhi. Alifariki binti mdogo katika uzazi wake wa kwanza. Ottilia alikwenda na jirani yao Recho. Mihogo ya bondeni ilikuwa imeoza mwaka ule, hivyo wafiwa walinunua unga wa mahindi kwenye duka la mtu, duka lisilouliza gari limebeba nini. Na msibani hamna anayechagua chakula. Unakula ulichopewa, unanawa, unarudi kulia.

"Alinusa?" Avelina alimuuliza Recho baadaye, akiwa amemshika mikono yote miwili. "Recho mdogo wangu, niambie. Ottilia hakunusa?"

"Alijaribu, dada. Alipolishika tonge alivuta hewa, kama anavyofanya. Lakini tulikuwa tumelia tangu asubuhi, pua zote zimeziba. Akala."

Unga ule nao ulikuwa umesafiri na dawa, na waliougua walikuwa wengi. Walitokwa jasho na mate, wakatapika, mboni za macho zikawa ndogo kama za mtu anayetazama jua. Zahanati iliwaokoa waliowahi kufikishwa. Ottilia hakuwahi.

Tangu mazishi ya Ottilia, Avelina hakupata raha. Alikuwa akifungua gunia dukani, mchana kweupe, watu wamejaa, anasikia nyuma ya bega lake mtu anavuta hewa puani. Mara mbili. Anageuka, hakuna mtu. Akisonga ugali jikoni, sauti ile iko juu ya chungu. Mara ya kwanza alidondosha mwiko. Baadaye alizoea kusimama tu, akingoja iishe, machozi yakimtiririka. Msiniulize kama ni mzimu. Mimi sijui, na mchungaji alikuja kuomba pale nyumbani, sauti isiondoke. Ninachojua ni kwamba sauti ile haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Avelina. Ilikuwa ya mtu anayetafuta harufu na haipati.

Ugali ukamshinda kabisa. Akawa anakula viazi, amekauka, nguo zinamning'inia. Mwishowe asubuhi moja alivuka njia akabisha kwa Joakim.

"Mzee Joakim, nani ana zamu?"

Joakim akafungua mlango. Naye alikuwa hajalala vizuri tangu msiba. "Sijui, mama. Sitaki hata kujua."

"Basi twende wote."

Walikwenda wote, na nusu ya wanachama nyuma yao, kuomba maoni yafunguliwe upya. Diwani akakubali, akaita wasafirishaji pia. Avelina aliposimama, hakusema mengi.

"Wifi yangu hakununua unga ule. Alikula msibani. Duka letu haliwezi kumfuata mtu hadi msibani, ila sheria yenu ingemfuata. Mzee Mansuetus anasema gharama itapanda, na hadanganyi. Sisi tumeongea na vijiji vya mwambao huu. Tutaagiza pamoja, lori lijae chakula kitupu, lisipungukiwe. Yeye asipate hasara, na sisi tusife."

Mansuetus aliinamisha kichwa. Alipoulizwa kama ana pingamizi, alijibu, "Sina." Kipengele kikarudishwa, na baada ya taratibu zake sheria ikapita. Leo lori lenye chakula halipakii sumu, na unga haukupanda kama walivyoogopa.

Siku ile ya kikao Avelina alirudi nyumbani anakaribia kutabasamu. Bartholomayo alikuwa ameketi uani, anashona wavu.

"Mdogo wangu, wamekubali."

"Nimesikia, dada. Hongera." Akavuta uzi, akakaza fundo. "Ulisema kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Hata chai waliyotupa ilikuwa bado ya moto."

"Kumbe ni muda wa chai moja tu," akasema Bartholomayo polepole. Hakumlaumu wala hakupandisha sauti. Aliweka wavu chini, akaingia ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi na mke wake, akafunga mlango.

MAFUNZO

Wanaushirika wenzangu, duka letu linamlinda anayenunua kwetu. Sheria inamlinda hata mgeni, mfiwa na mtoto aliyetumwa dukani asikokujua. Kwa hiyo ushirika wa walaji unaojali mizani na bei tu haujamaliza kazi yake. Serikali inapoita maoni, mlaji ni mdau kama mwenye lori, na asipokwenda, sheria itaandikwa kwa maneno ya waliokwenda. Mtendeeni haki na mwenye lori, msikilize hesabu zake, maana sheria inayomfilisi mmoja haidumu. Na mkisikia siku imetangazwa kwenu, msikae majumbani mkihesabu ni zamu ya nani. Vaeni, mwende.