Siku Moja Kabla ya Salkantay

Leoncio alipinda kona ya soko la San Pedro, mjini Cusco, na gunia la viazi begani, akamgonga Yovana, na juisi ya papai yote ikamwagikia blauzi yake nyeupe.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuwa nayo, dada. Yamenipotea nilipokuona."

Yovana alitaka kukasirika, akacheka. Tangu siku hiyo mwaka mzima hawakuachana: yeye fundi cherehani wa mtaa wa San Blas, Leoncio kiongozi wa watalii wanaovuka mlima Salkantay.

Lakini wiki hii simu ya Leoncio ilikuwa ikiita, naye akitoka nje kuipokea. Jana Yovana alimsikia mlangoni: "Usimwambie Yovana, tafadhali. Nitakuja Jumatano, peke yangu." Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke. Leo asubuhi alimpigia.

"Mpenzi, una mwenzangu?"

"Acha hizo, Yova. Nina wageni hapa." Simu ikakatwa.

Basi akajifunga shali yake nyekundu, akapanda mwinuko wa Sacsayhuamán, ambako Leoncio huwaonyesha wageni magofu ya ngome ya kale siku moja kabla ya safari. Aliogopa atakachokikuta, akaogopa zaidi kurudi bila kukijua.

Alimkuta chini ya jiwe kubwa kuliko chumba chake, jaketi lake la njano likimpwaya. Wageni walikuwa mbali wakipigana picha. Leoncio alikuwa ameegemea jiwe, mkono kifuani, midomo ya buluu.

"Leo!"

"Usipige kelele. Nimepumzika tu."

"Umezaliwa huku juu, tangu lini unapumzika?"

Simu ikaita mfukoni mwa Leoncio. Yovana akaichomoa kabla hajamzuia.

"Haloo! Wewe ndiye unayemfuata mume wangu?"

Ni sauti ile ile ya mwanamke. "Mimi ni daktari wake. Majibu yametoka. Moyo wake umetanuka sana. Akivuka Salkantay, sidhani kama atashuka mzima. Mwambie aje leo, asingoje Jumatano."

Wivu wote aliopanda nao Yovana ulimtoka.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungelia."

"Sasa je, si nalia?"

"Na mimi naogopa, Yova." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bila mlima sijui mimi ni nani. Nilisema, niende mara hii moja tu."

"Nenda basi. Mimi nitakuwa nyuma yako, na viatu hivi hivi vya sokoni. Ukianguka, tutaanguka wawili."

Leoncio alitazama viatu vya Yovana vya kitambaa, kisha uso wake. Aliona hafanyi mzaha. Akachukua simu, akampigia mwenzake Fortunato: "Njoo uwachukue wageni. Safari ya kesho ni yako."

Alipokata, akamgeukia Yovana.

"Ulimwambia daktari mimi ni mume wako," alisema.

"Ilinitoka tu."

"Ningependa isirudi ndani. Utanioa, na moyo huu mbovu?"

"Wanaume ndio wanaooa, mjinga wewe."

"Mimi leo sina pumzi za kuoa. Nioe wewe."

Yovana alimfuta jasho kwa ncha ya shali. "Nimekubali. Sasa nyanyuka, twende hospitali."

Wakaanza kushuka kwenda Cusco, polepole, Yovana akiwa amemshika kiunoni. Kila baada ya ngazi tatu alisimama, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza, ndipo wakaendelea.