Miraba Ishirini na Mmoja kwenye Kalenda

Ovaroli ya fundi wa vigae haifuliki kama shati. Inalowekwa tangu Jumamosi jioni, inasuguliwa magoti kwa brashi, na ikianikwa inakula nusu ya kamba. Mke wa fundi alikuwa amechoka kuwaeleza wapangaji wenzake jambo hilo. Ua wao ulikuwa na kamba moja na familia nne. Baada ya ugomvi usiokwisha, mwenye nyumba alitundika kalenda ukutani karibu na bomba. Kila aliyekuwa na nguo nzito Jumapili aliweka alama yake. Mke wa fundi alichora mraba, mfano wa kigae. Jirani yake, mwanamke fundi umeme, alichora mstari uliovunjika kama radi.

Jumapili hii mke wa fundi hakuwa na cha kuchora. Ovaroli ilikuwa imening'inia msumarini kwa wiki ya nne, safi kama ya dukani.

Kilichokuwa kazini pale nyumbani ni mdomo wa mumewe. Watu walimwita Milimita. Kigae kikipishana na kingine kwa unene wa ukucha, alikibandua na kuanza upya. Sifa hiyo alistahili. Lakini leo alikuwa amekaa kizingitini akimfunga binti yao pedi mpya za kulinda magoti, na mama alipoziona, alisimama na ndoo yake mkononi.

Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho. Binti angeanza kidato cha tatu. Tangu Ijumaa alikuwa ametangaza kwamba harudi. Mwanzo wa likizo alimsaidia baba yake kuweka vigae kwenye mabafu mawili, na kweli, mkono wake ulikuwa mwepesi. Mama alikataa kwa upole, akakataa kwa ukali, kisha akakataa kwa kunyamaza. Baba na binti walimsikia kama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

"Mimi niliishia darasa la saba," alisema Milimita. "Mwalimu wake ana digrii. Siku yangu moja ya kazi inalipa kama siku zake mbili. Sasa nani amfundishe nani?"

"Na hiyo siku moja ilikuwa lini?" aliuliza mkewe.

"Mama watoto, usianze."

Kabla hajaanza, mtu alipiga hodi. Alikuwa karani wa takwimu, mwanamke mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Alieleza kwamba nyumba yao ilichaguliwa pamoja na nyingine nyingi. Alikuwa anauliza habari za elimu na kazi, na majibu yangekuwa siri. Milimita alivuta stuli, akajiweka sawa. Alipenda kuulizwa.

Alijibu vizuri habari za darasa la saba na habari za vigae. Kisha karani akasoma swali jingine.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ulifanya kazi wiki ngapi?"

"Zote."

"Zote hamsini na mbili?"

"Mimi si mtu wa kukaa bure."

Mkewe aliweka ndoo chini. "Dada, andika pia kwamba ovaroli yake hujifua yenyewe."

Karani alitazama huku na huku, hakuelewa. Mama alikwenda bombani, akafunua kalenda mpya, na chini yake akatoa ile ya mwaka uliokwisha. Alimkabidhi binti yake.

"Wiki ambayo baba yako amefanya kazi, Jumapili yake nafua ovaroli. Nikifua, nachora. Hesabu. Si unasema shule imekutosha?"

Binti alihesabu. Uso ulimbadilika, akarudia tangu Januari, akifuata kwa kidole.

"Ishirini na mmoja," alisema.

Milimita alidai kwamba miraba mingine ilisahauliwa. Mkewe alimuuliza kama aliwahi kuvaa ovaroli chafu Jumatatu. Hakuwahi, na wote walijua. Binti, bila kutumwa, alikuwa ameshaanza kuhesabu radi za jirani. Zilikuwa arobaini na nne.

Fundi umeme mwenyewe alikuwa pale bombani akijaza maji. Milimita alimgeukia kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Wewe kwa siku unalipwa chini yangu. Mwambie karani."

"Kweli, kaka. Kwa siku unanishinda," alisema jirani. "Kwa mwaka je?"

Aliongeza kwamba mikono yake haikuwa bora kuliko ya Milimita. Alimaliza kidato cha nne, akasoma chuo cha ufundi, akafanya mtihani, akapata cheti. Jengo likiisha, mafundi wengi huambiwa watapigiwa simu. Lakini yeye, msimamizi humbakiza, kwa sababu anasoma michoro na anaandika orodha ya vifaa. Hospitali na shule zikitaka fundi wa matengenezo, fomu ina nafasi ya kujaza namba ya cheti. Asiye na namba haitwi.

"Kwa hiyo cheti ndicho kazi?" aliuliza Milimita.

"Hapana," alisema karani. "Cheti si hirizi. Nimekutana na wenye digrii waliokaa nyumbani miezi, na wasiosoma waliofanya kazi mwaka mzima. Lakini usitazame mtu mmoja. Tazama watu wengi kwa pamoja. Waliosoma zaidi, kwa kawaida, hupata kazi kwa urahisi zaidi na hufanya kazi wiki nyingi zaidi. Wewe unahesabu siku uliyolipwa. Siku ambayo hukuitwa nayo ni ya mwaka huohuo."

Milimita alijiinua kwenye stuli. Mkewe hakumpa nafasi.

"Kigae kikipishana milimita moja, unakibandua. Hapa pana ufa wa wiki thelathini na moja, na unataka mtoto asimame juu yake."

Binti aliinama, akafungua pedi ya goti la kulia, kisha ya kushoto. Baba yake alizipokea, akazigeuza mkononi kwa muda.

"Huo mtihani wa ufundi," alimuuliza jirani, "unafanywa na watu wa umri gani?"

"Wa umri wa kutaka kazi."

Karani aliandika ishirini na moja, akaaga.

Asubuhi iliyofuata binti alikwenda shule. Jioni Milimita alikwenda chuo cha ufundi, akirudia njia nzima kwamba anakwenda kuuliza tu. Alianza masomo ya jioni, siku tatu kwa wiki. Mtihani wa vitendo aliupita mara ya kwanza. Wa kuandika alianguka, akakasirikia karatasi, wasahihishaji na mwanga wa taa. Binti yake alimkalisha mezani na mchoro wa jengo.

"Kipimo ni moja kwa hamsini, baba: sentimita moja hapa ni hamsini kwenye jengo. Unazidisha. Usigawanye."

Mara ya pili alipita. Jengo alilokuwa akilifanyia kazi lilipokwisha, msimamizi alimbakiza asimamie ukarabati wa zahanati, kwa sababu sasa aliweza kusoma mchoro na kuandika idadi ya vigae vinavyohitajika. Binti alikwenda naye wakati wa likizo tu, na pedi zake za magoti.

Januari nyingine karani alirudi na swali lilelile. Milimita alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alikwenda bombani akahesabu mwenyewe, mara mbili.

"Thelathini na sita," alisema. "Wiki kumi na sita bado zinakosekana."

Mkewe alikuwa nyuma yake, mikono imejaa povu, ovaroli imetoboka magoti kwa kusuguliwa. Wapangaji wawili walikuwa wamesimama na mabeseni, wakimtazama kwa jicho la pembeni.

"Andika na hili, dada," alisema mke wa fundi. "Tunahitaji kamba ya pili."